Sauti ya Mtu wa Karakana

Berchem-Sainte-Agathe,
Brussels.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kwa Kaka Hassan,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na Mwanakombo na watoto wanalala na kuamka salama. Mimi mwili wangu hauna neno. Baridi imeingia mapema mwaka huu, na mvua ya hapa unaijua, haipigi wala haiachi.

Nakusalimu kwanza kwa sababu mama alitulea hivyo, kwamba hata mtu uliyegombana naye huingii kwake bila hodi. Lakini usiichukue salamu hii kuwa ni mapatano. Nina hasira nawe tangu mwaka juzi, na mpaka ninapoandika neno hili haijaisha.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Baada ya miaka miwili ya kutosemezana, unaniomba nikufundishe kusema Kiingereza kama ninavyokisema mimi. Umesema utafuata saa yoyote nitakayopanga, hata alfajiri kabla ya kwenda gereji. Umesema, nakunukuu, "Dada, niondolee hii karakana kinywani." Jibu langu ni hapana. Ningeweza kutia sahihi hapo nikafunga bahasha. Ila kuna jambo ambalo ni lazima ulisikie kwangu na si kwa mwingine, na siwezi kulifikia bila kupita kwanza kwenye yale uliyonitenda.

Ilikuwa arubaini ya mama. Nyumba ya mama ya Small Heath, Birmingham, ilijaa, watu wa Buyenzi, mtaa tuliozaliwa, waliotawanyika Uingereza nzima, na wale majirani wawili Waingereza waliokuwa wakimletea mama supu alipokuwa hawezi kushuka ngazi. Nilisimama kuwashukuru wale wazee kwa Kiingereza, maneno machache tu, kwa sauti niliyonayo siku hizi. Nilipokaa ukainuka wewe. Ukashika kikombe kwa vidole viwili, ukabinua midomo, ukayarudia maneno yangu yote kwa sauti ya puani, kama bibi tajiri anayefungua maonyesho ya maua. Abdallah, mtoto wa shangazi, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanzu. Ukaongeza kwamba mama angefufuka saa ile asingemtambua mwanawe, kwamba nimeuza kinywa changu. Siku ya arubaini ya mama, Hassan. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha kuoshwa, na kesho yake nikapanda treni bila kukuaga.

Hukuuliza hata siku moja kinywa hicho nilikiuza kwa nani.

Tulipofika Birmingham ulikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa, na baina yetu hatukuwa na Kiingereza cha kuombea maji. Tulikiokota barabarani: kwa wauza matunda, kwa madereva wa mabasi, kwa yule mama mnene wa duka la kona aliyekuwa akituita "bab", yaani mpenzi, na kutupa biskuti zilizovunjika. Kikatuingia kama cha mji ule kilivyo, cha kuvuta, chenye kushuka mwishoni mwa sentensi kama mtu anayeteremka ngazi amechoka. Hatukujua kwamba ile ni lafudhi. Tulidhani ndiyo lugha yenyewe. Walimu walikusifu kwamba unaongea kama mzaliwa, ukaja nyumbani umevimba kichwa. Hakuna aliyetuambia kwamba katika nchi ile mtu akifungua mdomo, kabla hajafika kwenye maana, wamekwisha kujua baba yake alifanya kazi gani na yeye mwenyewe anastahili kukaa wapi.

Mimi nilikuja kuambiwa nikiwa na miaka kumi na minane, kule kusini, kwenye usaili wa chuo. Mzee mmoja aliniuliza swali, nikajibu. Akatabasamu, akalirudia swali lile lile polepole, kama unavyomsemesha mgonjwa. Usiseme ni ngozi. Ngozi naijua inavyochukiwa, sihitaji kufundishwa. Baada yangu aliingia msichana wa Lagos aliyesomeshwa shule za wenye nacho, mweusi kunipita mimi, na nikiwa nje mlangoni nilisikia wanavyocheka naye kama ndugu. Kilichotutofautisha kilikuwa hapa, chini ya pua.

Walinichukua, alama zangu zilikuwa kubwa mno kukataliwa. Lakini mwaka ule wa kwanza nilikuwa kichekesho. Nikitaja basi la abiria, wao wanasema "bas", sisi tunasema "buz", walinitaka niseme tena, na tena, wapate kucheka. Darasani nikitoa jibu, kimya. Kijana wa pembeni akilirudia jibu lile lile kwa sauti ya kwao, mwalimu analiandika ubaoni. Mara ya nne nilipoyaona hayo nilirudi chumbani, nikawasha redio, nikaanza kumfuata msomaji wa habari neno kwa neno. Irabu moja kwa wiki. Miaka miwili. Nikimpigia mama nilikuwa narudia sauti ya nyumbani. Siku moja nikaitafuta sikuiona, na mama akaniuliza kama nina mafua.

Huyo ndiye uliyemwigiza ili Abdallah acheke.

Miaka minane sasa niko Brussels, na kazi yangu unaijua kwa juu juu tu. Ofisi yetu iko Ixelles, mwendo mfupi kutoka Porte de Namur, na inawafundisha Kiingereza mafundi na wahandisi wa makampuni, kwa darasa na kwa masomo ya kurekodiwa. Wabelgiji hawana habari na mambo yetu. Kwao Mwingereza ni Mwingereza, wa Glasgow na wa London wanatofautiana koti tu. Wanaosikia ni Waingereza wenyewe, na mkubwa wetu ni Mwingereza, mwanamke anayeitwa Philippa. Hapandishi sauti kamwe. Alikuja kuomba kazi mtu wa Liverpool mwenye shahada ya uzamivu, Philippa akasema kwa upole kwamba ile ni sauti ya kuchekesha watu, si ya kuwafundisha. Akaja mama wa Newcastle aliyeandika vitabu viwili vya shule, akasema ni "mchangamfu sana". Nilichukua muda kuelewa kwamba katika kinywa chake uchangamfu ni akili ndogo. Nilipoelewa, nilitikisa kichwa kukubali, nikaendelea kutikisa kwa miaka.

Wala usidhani ubaya huu nilifundishwa na Waingereza peke yao. Ghorofa ya chini yangu anakaa Mkongo, mama wa Likasi, Maman Thérèse, mwenye miaka ishirini ya kuuguza wazee. Mwaka huu lifti ya jengo letu ilipokufa, ni yeye aliyezunguka mlango kwa mlango akawapanga wapangaji wote mpaka ikatengenezwa. Alipokuja kwangu kunieleza mpango wake, mimi nilikuwa namsahihisha. Alisema "mutoto", nikasema "mtoto". Alisema "bantu", nikasema "watu". Akaniangalia, halafu akaniambia: "Amira, weye uko unasikiliza kinywa yangu. Maneno yangu hauyasikie." Nikacheka. Nilicheka kwa sababu Buyenzi tulikuwa tukiwacheka Wakongo hivyo hivyo, mama akiongoza, na wewe ukiwa hodari wa kuigiza kuliko sote. Hilo nalo tumerithi.

Sasa nifike kwenye ombi lako.

Mwezi uliopita mkeo Mwanakombo alinipigia. Usimkaripie, alifanya hivyo kwa hofu. Alinieleza kwamba mwezi wa tano uliona tangazo la ofisi yetu, tunatafuta mtu wa kurekodi masomo ya mitambo, kazi ya kufanyia nyumbani, na mgongo wako haukubali tena kulala chini ya mabasi. Ulijua ni ofisi yangu. Ukakaa kimya, ukitaka kuingia kwa mlango wako mwenyewe, na hilo nalijua, ni kiburi chetu sote wawili. Ukatuma somo lako. Mwezi wa sita ukajibiwa kwamba hukuchaguliwa, na ndani ya barua wakaweka maoni ya msahihishaji: "Anajua anachokisema, lakini sauti yake ni ya mtu wa karakana, na wanafunzi wetu hawataamini kwamba mtu huyu ana akili ya kuwafundisha."

Mwanakombo anasema sentensi hiyo umeinakili kwa mkono wako ukaibandika kwenye dashibodi ya gari. Kwamba unakaa garini nje ya nyumba yako, vioo vimefungwa, unarudia maneno ya msemaji wa kwenye simu kama kasuku. Kwamba wale vijana wa chuo cha ufundi uliowafundisha kila Jumamosi kwa miaka kumi umewaacha, ukamwambia mkuu wao kwamba hukujua kuwa ulikuwa unawaharibu. Na kwamba umemkataza Zubeda, binti yenu wa miaka kumi, kujibu darasani mpaka ajifunze kusema vizuri kama shangazi yake. Mwalimu alipiga simu kuuliza kama mtoto anaumwa. Mwanakombo alipokuuliza ni nani aliyekufanya hivi, ulisema ni hawa Waingereza, hawatatuacha tupumue.

Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Sentensi ile niliiandika mimi.

Usiiweke chini barua. Umefika hapa, soma mpaka mwisho.

Maombi yanapoingia, fundi wetu wa sauti, Onésime, kijana wa Lubumbashi, anaondoa majina na kuweka namba, kisha mimi nasikiliza na kuandika maoni. Wewe ulikuwa namba kumi na tisa. Nilivaa vipokea sauti, nikabonyeza, na kabla hujamaliza sentensi ya kwanza nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Ulisema, "Haya basi, tuifungue pampu hii tuone inaumwa wapi," ukavuta lile neno la mwisho kama tunavyolivuta kwetu, na nyumba ya Small Heath yote ikaniingia masikioni. Dakika kumi na moja. Mimi ambaye sijawahi kushika spana nilielewa kwa nini pampu inayozunguka inaweza isisukume maji. Niliyaona maji yenyewe. Kulikuwa na waombaji arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyefundisha kama wewe.

Ofisi yetu ina kanuni, anayemtambua mwombaji ajitoe. Ilikuwa niinue mkono tu. Sikuinua. Nilijiambia kwamba naogopa, kwamba ukiingia pale na sauti ile Philippa atatuweka mizani moja, atanisikia ndani yako. Hofu hiyo ilikuwapo, sikudanganyi. Lakini haikuwa hofu iliyoandika. Nilikiona tena kile kikombe chako cha vidole viwili. Nikamwona Abdallah anafuta machozi kwa kanzu. Nikachagua neno "karakana" kwa makusudi, nikijua litakapokukuta. Halafu nikashuka nikanywa kahawa, na nilikuwa na raha, Hassan. Siku nzima nilikuwa na raha. Hilo ndilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Mwanakombo alipokata simu nilikaa sakafuni ukumbini. Jumatatu iliyofuata niliingia kwa Philippa bila miadi. Nilimwambia kwamba namba kumi na tisa ni kaka yangu wa tumbo moja, kwamba maoni yale niliyaandika kwa chuki, nataka somo lisikilizwe upya na mtu mwingine. Sijui nilisema kwa sauti ipi. Nadhani katikati ya maneno ile ya zamani ilitoka, kwa sababu alianza kutabasamu. Aliniambia niketi. Akaniambia niliyoyaandika yalikuwa sahihi hata kama nia haikuwa safi. Kisha, kwa upole wake ule ule, akasema nisijichoshe, kwamba amejua nilikotoka tangu wiki ya kwanza, nikichoka inasikika mwishoni mwa sentensi.

"Kwa nini unadhani kazi ya kuchuja nilikupa wewe?" akaniuliza. "Hakuna anayewasikia watu wa kwenu upesi kama aliyewakimbia."

Miaka minane nilidhani nimekaa mezani nao. Kumbe nilikuwa mbwa wa getini, na mbwa mwenyewe nilijifunza kubweka kwa gharama yangu.

Nimeacha kazi. Siku yangu ya mwisho ni mwisho wa mwezi huu. Usinihurumie, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na usifikiri nimeacha kwa ajili yako. Nimeacha kwa sababu siwezi kumtazama yule mwanamke tena bila kutaka kumrushia kitu. Nilipokwenda kwa Onésime kumwomba nakala ya fomu niliyoandikia maoni, alijua ninachokitafuta kabla sijamaliza. "Numéro dix-neuf, kumi na tisa? Ile ya pompe?" akasema. "Bon, ile niliisikiliza mara mbili. Maman yangu kule Lubumbashi pompe yake ilikuwa imekufa. Nilimwelezeaka ndugu yangu kwa téléphone vile ule monsieur alisema, na maji ikatoka. Njo mulimukatala?" Alikuwa anauliza kama huyo ndiye tuliyemkataa. Akanipa nakala, akanigeuzia mgongo, na tangu siku ile hanisalimii.

Ndani ya bahasha hii utakuta vitu viwili. Kimoja ni nakala ya fomu, yenye mwandiko wangu na jina langu chini. Cha pili ni tamko langu, limetiwa sahihi, kwamba nilikutambua, kwamba nilipaswa kujitoa, na kwamba nilikuhukumu kwa kisasi. Ukikata rufaa, haiendi kwa Philippa, inakwenda kwa bodi ya ofisi, na anwani nimeiandika nyuma ya tamko. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini mwezi huu. Wakiniita nitakwenda kusema mbele yao. Usipotaka kukata rufaa, ni shauri lako. Ukitaka kuisoma fomu hiyo mbele ya watu wote waliocheka siku ya arubaini, isome, sitakuzuia.

Nimekuandikia Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ningepata maneno mazuri mno ya kujitetea.

Sikufundishi. Sababu moja ni kukukomoa, naungama. Iliyobaki ni kwamba najua kinachofuata, na sitaki kuwa mimi nitakayekupeleka huko. Utajifunza, una akili kuliko mimi, hutahitaji hata miaka miwili. Halafu siku moja utaenda kuwasalimia wale vijana wako wa chuo cha ufundi na watanyamaza ukiingia, wakidhani amekuja mkaguzi.

Wala sikuombi msamaha leo. Nikikuomba utaona ni biashara, nisamehe nikusamehe, na mimi bado sijakusamehe. Nililokutenda ni kubwa kuliko ulilonitenda, hilo nalikubali mbele ya Mungu na mbele ya kaburi la mama. Lakini kubwa halifuti dogo. Yote mawili yapo, na hatujui tutayaweka wapi. Usinipigie wiki hii. Ukiwa na la kusema, liandike, hata likiwa tusi, ilimradi liwe la mkono wako.

Msalimie Mwanakombo, mwambie kunipigia simu hakukuwa kosa. Salamu kwa wote wa Small Heath, na kwa wale wazee wawili wa jirani kama bado wapo hai. Abdallah usimsalimie. Na Zubeda, asubuhi ya shule itakayofuata, kabla hajavaa viatu, mwambie anyooshe mkono darasani na ajibu kwa mdomo alionao. Ukiona haya kumwambia kwamba ulikosea, mwambie nilikosea mimi.

Ndugu yako wa damu, na kwa sasa ni hiyo tu,

Amira